Ugunduzi wa Kivinasaba wa Maambukizi ya Njia ya Uzazi kwa Wanawake Wenye Ugumba: Kipimo Kinamwambia Nini Mwanamke wa Pande, Kilwa?

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi vipimo vya vinasaba vinavyotambua maambukizi ya njia ya uzazi kwa wanawake wenye ugumba, na namna majibu ya vipimo hivyo yanavyopaswa kufasiriwa na kuwasilishwa kwa Kiswahili. Muktadha unaorejelewa ni eneo la Pande wilayani Kilwa, Mkoa wa Lindi. Makala hayaripoti data mpya za uwandani. Yanakusanya maarifa yaliyokwisha kuthibitishwa na kuyapanga kwa ajili ya msomaji asiye mtaalamu wa maabara. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha vinasaba huonyesha vimelea vilivyopo mwilini siku sampuli ilipochukuliwa, ilhali ugumba mara nyingi hutokana na makovu yaliyoachwa na maambukizi ya miaka iliyopita. Tofauti hiyo ya wakati isipoelezwa vizuri, jibu sahihi la maabara huweza kuzaa hukumu isiyo sahihi nyumbani.

1.0 Utangulizi

Katika jamii nyingi za pwani ya Kilwa na Lindi, ndoa ambayo haijajaliwa mtoto haikawii kuulizwa maswali, na maswali hayo huelekezwa kwa mwanamke kwanza. Msamiati wenyewe unashuhudia jambo hili. Neno mgumba linaweza kutumika kwa mwanamume au mwanamke, lakini neno tasa, ambalo hutumika pia kwa mnyama asiyezaa, humwangukia mwanamke peke yake. Aidha, kwa desturi ya pwani, mwanamke akishazaa huacha kuitwa jina lake na kuitwa mama wa fulani. Asiyezaa hubaki na jina lake la usichana hata nywele zikiwa na mvi, na kila anapoitwa hukumbushwa kile ambacho hana.

Shirika la Afya Duniani linafasili ugumba kuwa ni ugonjwa wa mfumo wa uzazi wa mwanamume au wa mwanamke, unaojitokeza pale mimba inaposhindwa kupatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa takribani mtu 1 kati ya 6 duniani hukumbwa na tatizo hili katika kipindi fulani cha maisha yake. Wataalamu hutofautisha ugumba wa awali, ambapo mwanamke hajawahi kushika mimba, na ugumba wa baadaye, ambapo aliwahi kushika mimba lakini sasa hashiki tena. Aina hii ya pili ndiyo inayohusiana zaidi na maambukizi.

Pande imechaguliwa kwa sababu hali yake ni ya vijiji vingi vya pwani ya kusini. Wakazi wake hutegemea uvuvi, ufuta, korosho na minazi. Mwanamke anayetafuta uchunguzi wa ugumba huanzia kwenye zahanati, kisha huelekezwa hospitali ya wilaya ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na pengine Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kila hatua ina nauli yake, siku zake za kuacha shamba, na mashauriano yake na mume na wakwe. Kwa hiyo jibu analorudi nalo lina uzito mkubwa. Ni haki yake kulielewa.

2.0 Maambukizi Yanavyosababisha Ugumba

Maambukizi ya njia ya uzazi ni ya aina tatu. Ya kwanza ni yale yanayoambukizwa kwa kujamiiana, kama vile kisonono, klamidia, trikomonasi na Mycoplasma genitalium. Ya pili ni yale yanayotokea wakati vijidudu vinavyoishi ukeni kwa kawaida vinapozidi kiasi, kwa mfano fangasi, au pale uwiano wa bakteria wa ukeni unapovurugika. Ya tatu ni yale yanayoingia wakati wa uzazi, mimba kuharibika au huduma ya kitabibu iliyofanywa bila usafi wa kutosha. Mgawanyo huu si wa kitaaluma tu. Unaonyesha kuwa si kila mwenye maambukizi ya njia ya uzazi ana ugonjwa wa zinaa, na kwamba mwanamke aliyepata maambukizi baada ya kujifungua hakuyapata kwa mwenendo wowote wa kulaumiwa.

Hatari ya ugumba hutokea vimelea vinapopanda kutoka shingo ya kizazi kuingia katika mji wa mimba na mirija ya uzazi. Ndani ya mirija kuna vinyweleo vidogo mno vinavyolisukuma yai kuelekea mji wa mimba. Mwili unapopambana na vimelea, uvimbe huharibu vinyweleo hivyo, na uponaji huacha makovu yanayoubana au kuuziba mrija. Utafiti wa muda mrefu uliofanywa Lund, Sweden, na Lars Weström na wenzake, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kuwa miongoni mwa wanawake waliougua uvimbe wa viungo vya nyonga, ugumba wa mirija uliwapata asilimia 8 ya waliougua mara moja, asilimia 19.5 ya waliougua mara mbili, na asilimia 40 ya waliougua mara tatu au zaidi. Kila shambulio liliongeza hatari takribani maradufu.

Kwa Afrika jambo hili lina historia yake. Kati ya mwaka 1979 na 1984, Shirika la Afya Duniani lilichunguza zaidi ya wenzi 5,800 wenye ugumba katika vituo 33 vya nchi 25. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1985, yalibainisha kuwa wenzi wa Afrika walikuwa na ugumba wa baadaye zaidi kuliko wenzi wa mabara mengine, na kwamba sehemu kubwa zaidi ya wanawake wao ilikuwa na madhara ya maambukizi. Nchini Tanzania, wachambuzi wa sensa ya mwaka 1967, wakati Lindi ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Mtwara, waliona kuwa kiwango cha uzazi katika mikoa ya pwani kilikuwa chini ya kile cha mikoa mingi ya bara. Suala hili, basi, si geni pwani.

Kuna vimelea viwili vingine ambavyo mazingira ya Lindi hayaruhusu kuvisahau. Kwanza ni kichocho cha mkojo, kinachoenezwa na konokono wa maji baridi katika mabwawa na mito. Mayai ya minyoo yake hayaishii kwenye kibofu. Hukwama pia katika shingo ya kizazi, uke na hata mirija, na kusababisha vidonda na uvimbe ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Gabriele Poggensee na wenzake walichunguza hali hii wilayani Mwanga, Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000. Pili ni kifua kikuu cha viungo vya uzazi, ambacho husafiri kwa njia ya damu kutoka mapafuni na kuharibu mirija kimyakimya. Mwanamke anaweza kupatwa na kimojawapo bila kujamiiana kuhusika kwa namna yoyote.

3.0 Njia za Kutambua Kabla ya Vinasaba

Njia inayotumika zaidi katika zahanati ni kutibu kwa kufuata dalili. Mhudumu husikiliza malalamiko, kwa mfano uchafu ukeni au maumivu chini ya kitovu, kisha hutoa dawa zinazoua vimelea vyote vinavyoweza kusababisha dalili hizo. Njia hii ina heshima yake nchini. Utafiti wa Mwanza ulioongozwa na Heiner Grosskurth na wenzake, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya UKIMWI kwa takribani asilimia 40.

Hata hivyo, njia hiyo humtegemea mgonjwa anayehisi dalili. Wanawake wengi wenye klamidia hawahisi chochote. Asiyelalamika hatibiwi, na mirija yake huendelea kuharibika. Kwa upande mwingine, uchafu ukeni mara nyingi hutokana na fangasi au mvurugiko wa bakteria, wala si kisonono au klamidia. Philippe Mayaud na wenzake, wakifanya kazi Mwanza katika miaka ya 1990, walionyesha udhaifu wa kutegemea dalili hiyo peke yake: wengi walitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao, na wengi waliokuwa nao hawakugunduliwa.

Njia za maabara za zamani nazo zina mipaka. Hadubini huonyesha trikomonasi ikiwa bado hai na inajongea. Sampuli ikicheleweshwa, hata nusu ya wagonjwa huweza kukosekana. Bakteria wa kisonono huoteshwa katika chakula maalumu chenye joto na hewa iliyodhibitiwa, na hufa upesi safarini. Klamidia haioti nje ya seli hai. Mycoplasma genitalium, iliyogunduliwa London mwanzoni mwa miaka ya 1980, huchukua majuma mengi na hata miezi kuota. Kwa sampuli inayotoka Pande kwa barabara ya vumbi, njia hizi hazina matumaini makubwa.

4.0 Jinsi Kipimo cha Vinasaba Kinavyofanya Kazi

Kila kiumbe hai kina maandishi ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi nne za kikemikali. Sehemu fulani za maandishi hayo hupatikana kwa kiumbe kimoja tu. Kipimo cha vinasaba hutafuta sehemu hizo. Hakihitaji kimelea kiwe hai wala kiwe kingi. Kinahitaji maandishi yake tu.

Tatizo ni uchache. Kutafuta kinasaba cha klamidia ndani ya ute wa shingo ya kizazi ni sawa na kutafuta punje moja ya ufuta ndani ya gunia la mchanga. Ufumbuzi uliopatikana ni kuifanya punje ile izaliane hadi ijaze gunia, bila mchanga kuongezeka. Hiyo ndiyo kazi ya PCR, yaani mmenyuko wa mnyororo wa polimerasi, uliobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1993.

Mmenyuko huu una hatua tatu zinazorudiwa. Kwanza, sampuli huchemshwa hadi takribani nyuzi joto 95 za selsiasi ili nyuzi mbili za vinasaba ziachane. Pili, joto hushushwa hadi kati ya nyuzi 50 na 65 ili vipande vifupi vilivyotengenezwa maalumu, viitwavyo vianzilishi, vijishikize mahali panapolingana navyo. Visipopata pa kujishikiza, hakuna kinachoendelea. Ndiyo sababu kipimo hiki huchagua kimelea kimoja na kuacha vingine. Tatu, kwa nyuzi 72 hivi, kimeng'enya huunganisha herufi na kukamilisha nakala. Kimeng'enya hicho hutokana na bakteria aliyegunduliwa katika chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, hivyo hakiharibiki kwa joto. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu: baada ya mizunguko 10 kipande kimoja huwa 1,024, na baada ya mizunguko 30 huzidi bilioni moja. Katika mashine za sasa, rangi inayong'aa huongezeka kadiri nakala zinavyoongezeka, na mashine huisoma papo hapo.

Faida kwa mwanamke wa kijijini ni tatu. Kwanza, sampuli hustahimili safari kuliko sampuli ya kuoteshwa. Pili, mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba faraghani, na tafiti nyingi zimeonyesha kuwa sampuli hiyo hutoa majibu yanayokaribiana na ya sampuli iliyochukuliwa na mtaalamu. Katika jamii inayothamini stara, jambo hili si dogo. Tatu, mashine ya GeneXpert, inayotumika Tanzania kuchunguza kifua kikuu, inaweza kupima pia klamidia na kisonono kwa takribani dakika 90, mradi kuwe na vibweta vyake maalumu. Kikwazo kikubwa ni gharama ya vibweta hivyo, pamoja na umeme wa uhakika na matengenezo.

Pamoja na ubora wake, kipimo hiki hakikosi dosari. Mwaka 2006 iligunduliwa Sweden aina ya klamidia iliyopoteza herufi 377 katika sehemu ileile ambayo baadhi ya vipimo vya kibiashara vilikuwa vinaitafuta. Wagonjwa waliambiwa hawana ugonjwa, nao wakaendelea kuueneza. Watengenezaji walijifunza kutafuta zaidi ya sehemu moja. Tukio hilo linatukumbusha kuwa kipimo hujibu swali lililoulizwa tu.

5.0 Mambo Ambayo Kipimo Hakiyasemi

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mwanamke mwenye ugumba huenda hospitali na swali moja: kwa nini sizai? Mashine hujibu swali jingine: je, katika sampuli hii kuna vinasaba vya kimelea hiki? Kati ya maswali haya mawili kuna pengo, na pengo hilo lina sehemu tano.

Mosi, jibu la kuwa kimelea hakipo halimaanishi kuwa maambukizi hayakusababisha ugumba. Klamidia inaweza kuondoka baada ya dawa au kwa kinga ya mwili, lakini makovu hubaki. Ni kama nyumba iliyoungua: moto umezimika siku nyingi, lakini paa halijarudi. Ili kujua hali ya mirija huhitajika picha ya eksirei inayopigwa baada ya kuingiza dawa maalumu katika mji wa mimba, au uchunguzi wa ndani ya tumbo kwa kamera. Kipimo cha kingamwili katika damu huweza kudokeza maambukizi ya zamani.

Pili, jibu la kuwa kimelea kipo halithibitishi kuwa ndicho chanzo. Maambukizi ya mwezi uliopita hayawezi kueleza ugumba wa miaka saba. Huenda chanzo ni kingine kabisa, kwa mfano yai kutopevuka, au mbegu za mume kuwa chache.

Tatu, kipimo hakisemi maambukizi yameingia lini wala yametoka kwa nani. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili. Kulitumia jibu la maabara kama ushahidi wa uzinzi mbele ya wazee au katika shauri la talaka ni kulipa karatasi ile mamlaka ambayo sayansi haikuipa.

Nne, jibu linaweza kuendelea kuonyesha kimelea kwa majuma kadhaa baada ya tiba kufaulu, kwa kuwa mashine husoma pia vinasaba vya vimelea vilivyokufa. Hivyo haifai kurudia kipimo mapema. Kwa klamidia inashauriwa kusubiri takribani majuma manne.

Tano, dawa ya kuua bakteria haifungui mrija ulioziba. Kutibu maambukizi kuna manufaa ya kweli: huzuia uharibifu zaidi, hupunguza hatari ya kupata Virusi vya UKIMWI, humlinda mume, na hufanya vipimo vinavyopitia mji wa mimba viwe salama zaidi. Lakini mwanamke anayemeza dawa akiamini kuwa mwezi ujao atashika mimba amefanyiwa kosa, kwa kuwa hakuelezwa.

Kutokana na hoja hizi, uchunguzi wa mwanamke peke yake haukamiliki. Mume apimwe maambukizi na apimwe mbegu, na wote wawili watibiwe kwa pamoja. Kipimo cha mbegu ni rahisi na hakiumizi kuliko vipimo vingi vya mwanamke; kukiacha kuwa cha mwisho ni desturi isiyo na sababu ya kitabibu.

6.0 Lugha ya Kutolea Majibu

Majibu ya vinasaba huandikwa kwa istilahi za kigeni, kisha hufasiriwa kwa mdomo kwa Kiswahili cha kila siku. Ufasiri huo una mitego. Kumwambia mwanamke kuwa "yuko safi" kunabeba maana kwamba mwenye maambukizi ni mchafu. Kumwambia "hakuna tatizo" kunamrudisha nyumbani na tatizo lilelile alilokuja nalo, sasa likiwa limenyimwa jina. Neno "wadudu" hueleweka kwa urahisi, lakini humfanya msikilizaji afikirie kitu kinachotambaa. Neno mchango, linalotumika sana pwani kwa maradhi mengi ya tumbo na uzazi, linaweza kuwa daraja la mazungumzo iwapo mhudumu atauliza kwanza mgonjwa analielewaje, badala ya kulidharau.

Kauli inayofaa ni ile inayotaja siku, sampuli na mipaka ya kipimo. Kwa mfano: "Dada, katika sampuli uliyotoa leo hatukuona klamidia wala kisonono. Hilo halituambii kama zamani uliwahi kupata. Hatua inayofuata ni kuangalia mirija, na tungependa mzee wa nyumbani naye aje apimwe." Kauli hii haimhukumu mtu, nayo inafungua njia ya hatua inayofuata. Uchaguzi wa neno dada badala ya mama nao una maana yake. Mama ni neno la heshima, lakini kwa anayelilia mtoto linaweza kuchoma.

Uzoefu wa tafiti jirani unaunga mkono umuhimu wa kusikiliza. Karina Kielmann, aliyeandika mwaka 1998 kuhusu wanawake wagumba kisiwani Pemba, na Trudie Gerrits, aliyeandika mwaka 1997 kuhusu Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, wote walionyesha kuwa ugumba hugusa nafasi ya mwanamke katika ukoo, sherehe na ndoa, si mwili wake tu. Kusini mwa Tanzania, ambako unyago ungalipo, makungwi ni watu wanaoaminiwa katika mambo ya uzazi. Kuwaelimisha kwamba maambukizi huweza kuwapo bila dalili, na kwamba kichocho kinaweza kudhuru kizazi, kungewafikia wasichana kabla mirija haijaharibika.

7.0 Hitimisho

Ugunduzi wa kivinasaba umewezesha kuona vimelea ambavyo dalili, hadubini na kuotesha havikuviona. Kwa pwani ya Lindi, matumizi yake yenye tija yangeanza mahali ambapo mashine tayari zipo kwa ajili ya kifua kikuu, yangehusisha kichocho katika orodha ya vinavyotafutwa, na yangempima mume pamoja na mke. Manufaa makubwa zaidi yangepatikana kwa vijana ambao bado mirija yao ni mizima, kwa kuwa kovu likishajengeka hakuna kipimo kinacholiondoa.

Kwa mwanamke ambaye tayari ana ugumba, kipimo ni hatua moja katika uchunguzi wenye hatua nyingi. Anastahili kuelezwa hivyo tangu mwanzo, kwa lugha yake, pamoja na mumewe, ili atakaporudi Pande na karatasi ya majibu awe na maelezo ya kuwajibu wanaomsubiri, na karatasi ile isigeuzwe kuwa hati ya kumshtaki.